Mahaba ya Makarani wa Duka

Kati ya filamu zote za mahaba na kicheko zilizotungwa kwa ajili ya msimu wa Krismasi, nazo sasa ni nyingi hata mtazamaji hawezi kuzimaliza kwa mwezi mzima wa Desemba, ipo moja iliyotoka Marekani mwezi wa Januari 1940, isiyo na rangi ila nyeusi na nyeupe, ya dakika 99 tu, ambayo mimi naitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu isiyo ya kawaida: watu wake hupendana huku wakihesabu mshahara. Jina lake ni The Shop Around the Corner, yaani duka lililo kwenye kona ya mtaa, nayo iliongozwa na Ernst Lubitsch katika kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Uzuri wake ni mwingi na dosari zake si chache, na vyote viwili vyatoka chemchemi moja, yaani katika staha ambayo filamu hii inawapa watu wanaoishi kwa ujira, na katika saa zile ambapo inaisahau staha hiyo.

Kisa kinatukia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, katika duka la Bwana Hugo Matuschek, muuzaji wa mikoba, pochi, masanduku ya safari na bidhaa nyingine za ngozi. Asubuhi na mapema makarani wamesimama nje wakimngojea tajiri wao aje awafungulie, na katika dakika hizo chache mtazamaji hupewa maarifa ambayo waandishi wengine wangeyatafutia saa nzima: nani ana mke na watoto wa kulisha, nani hujipendekeza, nani huvaa mavazi yasiyolingana na mshahara wake, na kijana gani wa kutumwatumwa ambaye ulimi wake ni mrefu kuliko cheo chake. Mlango haujafunguliwa bado, nasi tumekwisha kuelewa kwamba hofu na matumaini ya watu wote hawa yamo mkononi mwa mmoja mwenye ufunguo. Frank Morgan, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mchawi katika The Wizard of Oz, amemfanya Matuschek kuwa mzee mwema wa moyo, mwepesi wa hasira, mwenye desturi ya kuwaomba watumishi wake rai ya kweli na kuchukia akipewa. Na kila anapoiomba rai hiyo, karani mmoja mwenye familia, Bwana Pirovitch, hugeuka kimya na kutoweka kwenye ngazi. Watu hucheka, nami hucheka nao, lakini ni kicheko chenye sababu nzito ndani yake, kwa kuwa Pirovitch ana watoto, na ukweli uliosemwa siku mbaya waweza kuwanyima mkate.

Karani mkubwa wa duka ni Alfred Kralik, ambaye anachezwa na James Stewart, kijana mrefu, mwaminifu, mwenye kiburi kidogo cha mtu anayeijua kazi yake. Siku hiyo tajiri anataka kununua shehena ya visanduku vya sigara vinavyopiga muziki kila kifuniko kinapoinuliwa, na Kralik, akiwa peke yake mwenye ujasiri, anamwambia kwamba bidhaa hiyo ni duni wala haitauzika. Mara anaingia msichana, Klara Novak, ambaye Margaret Sullavan amempa sauti yenye mkwaruzo mdogo isiyosahaulika. Kralik anampokea kwa adabu zote za muuzaji akimdhani mnunuzi, kumbe anatafuta kazi, naye anajibiwa kwamba kazi hakuna. Klara hakati tamaa: anakichukua kisanduku kile kile kilicholaumiwa, anamwendea mama mmoja mnene aliyeingia dukani, na anamshawishi kwamba ni kisanduku cha peremende, chenye faida ya kumkumbusha mwenyewe, kwa muziki wake, kila anapotaka kula kupita kiasi. Kisanduku kinauzwa, na Klara anaajiriwa papo hapo. Msomaji na aliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu filamu nyingi za namna hii huwagombanisha wapenzi wao kwa upuuzi, kwa kumwagiana kahawa au kugombania teksi, ilhali hapa uadui umepata asili ya kweli: riziki ya mmoja imezaliwa katika aibu ya mwingine, mbele ya macho ya tajiri.

Miezi sita baadaye, Krismasi inapokaribia, visanduku vile vimejaa dirishani kwa bei iliyopunguzwa, na makarani hawa wawili hawaelewani kwa lolote. Wala hawajui, kwa kuwa kila mmoja ameficha siri yake, kwamba kwa muda mrefu wamekuwa wakiandikiana barua. Klara alitia tangazo gazetini akitaka kuandikiana na mtu mwenye elimu juu ya mambo ya juu ya akili na roho, Kralik akajibu, barua zikapita katika sanduku la posta bila ya jina la mwandishi, na mapenzi yakaingia kwa mlango huo. Wasomaji wetu walioishi katika zama za kurasa za marafiki wa kalamu, wakizingojea barua za watu wasiowajua kwa sura, hawatahitaji kufafanuliwa ladha ya jambo hili, wala hatari yake, kwa maana mtu akiandika hujichagua, na akisoma humtunga mwenziwe kwa jinsi anavyomtamani.

Lakini sehemu niipendayo kuliko zote haina barua ndani yake. Kralik, akifikiri kumwoa rafiki yake asiyemjua, anamwuliza Pirovitch faraghani ni kiasi gani mume na mke wanahitaji ili waishi. Yakaanza mazungumzo ya kodi na vyumba. Kralik anataka mahali pa kulia chakula na mahali pa kupokea wageni, na Pirovitch, kwa upole wa mtu aliyekwisha kupitia, anamwondolea chumba kimoja baada ya kingine, akimwonyesha kwamba jikoni panatosha kwa kula na kwamba karani si balozi hata afanye karamu. Felix Bressart, aliyemcheza Pirovitch, alikuwa Mjerumani Myahudi aliyelazimika kuihama nchi yake baada ya Hitler kushika serikali mwaka 1933, nami siwezi kuisikiliza hesabu yake ya vyumba bila ya kuhisi kwamba ni mtu aliyejua maana ya kuishi na kidogo. Mapenzi katika mazungumzo haya hayakushushwa hadhi hata kidogo. Yamepewa anwani, na mapenzi yenye anwani huaminika.

Lubitsch aliyapata wapi maarifa haya, yeye aliyesifika kwa filamu za wafalme, mabinti wa kifalme na matajiri wa mahoteli makubwa? Aliyapata nyumbani. Alizaliwa Berlin mwaka 1892, mtoto wa fundi cherehani mwenye biashara ya nguo, na katika ujana wake aliandika vitabu vya hesabu vya baba yake mchana huku usiku akienda kuigiza. Alipoitwa Hollywood mwishoni mwa mwaka 1922 duka lile alilibeba moyoni. Kisa chenyewe kilitoka katika tamthilia ya Miklós László, Mhungaria, iliyochezwa mara ya kwanza Budapest mwaka 1937, ambamo duka lilikuwa la manukato. Samson Raphaelson akaiandika upya kwa ajili ya sinema, na Lubitsch akangoja hata waigizaji wake wawili wapate nafasi, akaimaliza kwanza filamu ya Ninotchka. Husimuliwa kwamba Sullavan alijinunulia gauni la bei nafuu kabisa kwa ajili ya kazi hii, na mwongozaji, akiliona bado ni zuri mno kwa msichana mtafuta kazi, akaamuru lianikwe juani lipauke. Mwaka 1947, miezi michache kabla ya kufa kwake, Lubitsch aliandika katika barua kwamba katika filamu zake zote hakuna ambayo watu wake na mazingira yao yalikuwa ya kweli kupita hii, na mimi namsadiki.

Ukweli huo unaonekana zaidi katika siku ile ambayo Kralik anafukuzwa kazi. Matuschek amepata barua isiyo na jina ikimwarifu kwamba mkewe ana mpenzi miongoni mwa makarani wake, naye kwa dhana mbaya anamtuhumu yule aliyemwamini kama mwana. Hakuna ugomvi, hakuna kelele. Kralik anatoka ofisini na karatasi yake, anavirudisha vitu vya duka, anaagana na wenziwe, nao hawajui macho yao wayaweke wapi. Jioni hiyo hiyo mpelelezi anakuja kumjulisha mzee kwamba mwenye hatia ni Vadas, yule wa mavazi mazuri na maneno ya sukari, ambaye anachezwa na Joseph Schildkraut. Mzee anabaki peke yake, anaingia ofisini na bastola, na kama yule kijana wa kutumwa, Pepi, asingalirudi wakati ule, ingalikuwa mauti. Kichekesho cha Krismasi kinachothubutu kuufikia ukingo huu, kisha kikarudi kwenye kicheko bila ya kuvunjika, ni nadra kupatikana. Hata hivyo nasikitika kwamba jeraha lenyewe linapona haraka mno. Mzee anatabasamu katika kitanda cha hospitali, anampa Kralik umeneja na Pepi ukarani, na mke wake, ambaye hatukupata kumwona hata mara moja, anafutwa katika kisa kama deni lililosamehewa. Mwanamke aliyeishi na mtu huyu miaka mingi angalistahili walau uso.

Usiku ule ule wa kufukuzwa ulikuwa usiku wa miadi. Kralik na Klara walikubaliana kwa barua kukutana mkahawani, Klara akiwa na kitabu cha Anna Karenina na ua la mkarafuu liwe alama. Kralik, hali hana kazi, anaona haya kuingia. Anamwomba Pirovitch achungulie dirishani, na Pirovitch, kwa huruma na kwa hatua ndogo ndogo, anamjulisha kwamba msichana ni mzuri, kwamba anafanana na Bi Novak, kwamba ndiye. Hapo ndipo filamu inapoinuka juu kabisa, na hapo hapo dosari yake kubwa inapozaliwa. Kralik anaingia bila ya kujitambulisha, wanatupiana maneno ya kuumiza, na Klara, akimngoja mtu bila ya kujua kwamba yu mbele yake, anamwita karani asiye na maana. Kuanzia saa hiyo mmoja anajua na mwingine hajui, na mambo yanaendelea hivyo mpaka mkesha wa Krismasi.

Watetezi wa filamu husema kwamba Kralik alikuwa na udhuru. Kwa jioni ile ya kwanza naukubali udhuru wake, maana mtu aliyepoteza kazi yake mchana hana la kumpa mwanamke usiku ila fedheha yake mwenyewe. Lakini muda mfupi baadaye Kralik ni meneja. Sasa ndiye mwenye ufunguo. Klara ni mtumishi wake, naye ameugua kwa kukosa barua: mpiga picha William Daniels ametupatia ndani ya sanduku la posta mkono wa msichana ukipapasa patupu, kisha uso wake ukichungulia, na kwa sekunde hizo chache tumeona huzuni yote ya kungoja. Kralik anakwenda kumtazama mgonjwa, anaketi kando ya kitanda, anamwona akiisoma barua ambayo yeye mwenyewe ameiandika, naye anaburudika kuisikia sifa yake. Mkesha wa Krismasi anamwambia kwamba amekutana na huyo mchumba wake, kwamba ni mnene, ana upara, hana kazi, na kwamba anatarajia kuishi kwa mshahara wa Klara. Najua kusudi lake, nalo ni kutaka apendwe yeye mwenye nyama na mifupa kabla ya kupendwa yule wa karatasi, na najua pia kwamba Klara alimkwaruza vibaya naye ana haki ya kutaka ushindi kidogo. Pamoja na hayo siwezi kuliita jambo hili mchezo. Tajiri amekipata kitu ambacho mtumishi wake hana, yaani ukweli, naye anakichezea mbele ya macho yake; na filamu ambayo tangu dakika ya kwanza ilitufundisha uzito wa tofauti kati ya mwenye duka na mtumishi wa duka, inasahau ghafla kwamba tofauti hiyo ipo.

Anayeiokoa ni Sullavan. Kralik anapolitia ua la mkarafuu katika tundu la koti lake, kitu cha kwanza kuonekana katika uso wa Klara si furaha. Ni mshangao, kisha fikira, kama mtu anayezipitia upya barua zote na ugomvi wote kwa wakati mmoja akitafuta palipokuwa na kosa. Amepewa pia neno la mwisho lenye akili, maana anamtaka Kralik ainue suruali ili aone kama kweli miguu yake haina matege. Mwanamke anayekagua bidhaa kabla ya kuipokea, katika duka, baada ya saa za kazi, amejirudishia sehemu ya heshima aliyonyang'anywa.

Lipo jambo jingine, nalo sijui kama niliite dosari au msiba. Lubitsch alikuwa Myahudi, na serikali ya Hitler ilimnyang'anya uraia wake wa Ujerumani mwaka 1935. Bressart, Schildkraut, Raphaelson na László wote walikuwa Wayahudi, na László aliondoka Hungaria mwaka 1938, mwaka ambao bunge la huko lilipitisha sheria ya kupunguza idadi ya Wayahudi walioruhusiwa katika kazi za kielimu na katika biashara, ikafuatwa na sheria kali zaidi mwaka 1939. Filamu ilipigwa mwishoni mwa mwaka huo wa 1939, vita vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya. Basi katika Budapest ya kweli makarani walikuwa wakifukuzwa kwa amri ya sheria, ilhali katika Budapest ya Hollywood karani amefukuzwa kwa dhana ya mzee mwenye wivu na akarudishwa kwa ngazi ya juu. Filamu haisemi neno. Mabango ya duka yameandikwa Kihungaria, fedha ni pengő, theluji inaanguka, na Krismasi ni ya wote. Wapo wanaosema kwamba kichekesho hakina wajibu wa kusema, na kwamba Lubitsch alilipa deni hilo mwaka 1942 katika To Be or Not to Be, alipowakabili Wanazi waziwazi. Tena Stewart na Sullavan wenyewe walicheza pamoja mwaka huo huo wa 1940 katika The Mortal Storm, juu ya familia ya Kijerumani iliyovunjwa na utawala ule. Nayakubali haya. Lakini sasa, tukiwa tunajua kilichowapata Wayahudi wa Budapest mwaka 1944, hofu ya Pirovitch kwenye ngazi imepata maana ambayo walioitunga huenda waliihisi bila ya kuitamka, na mtu hawezi tena kuitazama kwa moyo mwepesi.

Mkesha wenyewe wa Krismasi ndio malipo ya yote. Duka limeuza kwa wingi ambao haukuonekana tangu mwaka 1928, Matuschek ametoka hospitali na kusimama nje akiwatazama watu wakiingia, kisha anawagawia watumishi wake bakshishi. Kila mmoja ana mahali pa kwenda usiku huo isipokuwa yeye. Anamwalika huyu, anamwalika yule, kwa namna ya mtu asiyetaka ionekane kwamba anaomba, na wote wana udhuru mwema. Hatimaye anamkuta Rudy, kijana mpya wa kutumwa dukani, asiye na jamaa mjini, na anamhesabia vyakula watakavyokula pamoja: supu, bata bukini wa kuokwa mwenye matofaa ndani yake, saladi ya matango, na kitinda mlo cha matofaa. Uso wa kijana unazidi kung'aa kwa kila sahani inayotajwa. Filamu za Krismasi za siku hizi hutafuta athari hii kwa kengele na nyimbo za kwaya, wala haziipati, kwa sababu hazikutangulia kutuonyesha mzee huyu akiwa na nguvu za kumnyima mtu mkate.

Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi. Mwaka 1949 kilifanywa kuwa filamu ya nyimbo, In the Good Old Summertime, pamoja na Judy Garland. Mwaka 1963 kikawa mchezo wa muziki New York, She Loves Me. Na mwaka 1998 Nora Ephron alikihamishia katika zama za barua za kompyuta, akakiita You've Got Mail, pamoja na Tom Hanks na Meg Ryan. Hii ya mwisho ndiyo ijulikanayo zaidi na vijana, nayo ina utamu wake, hasa Meg Ryan akiwa peke yake mbele ya kompyuta. Lakini ile dosari ya Lubitsch imekua hata ikawa nguzo ya nyumba. Mwanamume si mtumishi tena. Ni mrithi wa kampuni kubwa ya maduka ya vitabu, na duka dogo analoliua kwa bei zake nafuu ni la mwanamke yule yule anayemwandikia, lililoitwa kwa heshima The Shop Around the Corner. Anajua yeye ni nani, mwanamke hajui, duka la urithi wa mama yake limefungwa, nasi twatakiwa tufurahi bustanini wanapokumbatiana. Lubitsch hakufika huko. Kralik na Klara walitoka duka moja, walimwogopa tajiri mmoja, na usiku ule wa Krismasi kila mmoja alikuwa na bakshishi yake mfukoni.